SHAURI LA KUUZA STIMA SOKONI
Maneno ya Kamati mbele ya wanachama



Wengi mmetuuliza: makampuni mengi yakishindana kuuza stima, bei si itashuka? Huenda ikashuka. Lakini kwanza twataka mjue yaliyowapata watu wa California, huko Marekani.

Mwaka 1996 jimbo hilo lilipitisha sheria ya soko la stima. Makampuni ya kusambaza yakauza mitambo yao mingi kwa wengine, kisha yakalazimika kununua stima sokoni siku kwa siku. Soko likafunguliwa 1998. Bei ya mwenye nyumba ilifungwa na sheria. Bei ya jumla ikaachwa huru. Mwenye duka gani aweza kununua kwa bei yoyote na kuuza kwa bei moja?

Tena stima si mahindi. Mahindi hukaa ghalani yakingoja. Stima nyingi hutumika papo hapo inapotengenezwa, basi siku ya upungufu mwenye mitambo ndiye bwana. Akizima mmoja na kusema umeharibika, iliyobaki humletea faida kubwa zaidi.

Desemba 1999 megawati moja kwa saa moja iliuzwa kwa jumla dola 30 hivi. Desemba 2000 ikapita dola 370. San Diego, ambako bei ya nyumbani ilikuwa imekwisha funguliwa, bili zilizidi maradufu. Januari 2001 watu wakazimiwa taa kwa zamu, na Aprili kampuni kubwa ya PG&E ikakimbilia mahakamani kwa kulemewa na madeni.

Baadaye zilitolewa sauti zilizonaswa katika simu. Mwuzaji wa kampuni ya Enron anasikika akimwomba mtu wa mtamboni, Las Vegas, atafute kisingizio cha kuuzima, naye anakubali. Ninyi wa mitamboni, lifikirini hilo: amri kama hiyo ikija, mkono utakaobonyeza ni wa mfanyakazi. Enron yenyewe ilifilisika Desemba 2001, na maelfu ya wafanyakazi wake wakakosa kazi na akiba ya uzeeni, kwani nyingi ilikuwa katika hisa za kampuni hiyo hiyo.

Juni 2001 tume ya nishati ya serikali kuu, iliyokuwa ikisitasita miezi mingi, iliweka kikomo cha bei katika majimbo yote ya magharibi. Watu nao walikuwa wamepunguza matumizi. Bei ikatulia.

Kwetu Kenya, Sheria ya Nishati ya 2019 imefungua mlango kwa makampuni mengine kusambaza na kuuza stima. Hatuupingi mlango. Twauliza nani atakaa mlangoni. Msimamizi, yaani EPRA, awe na haki ya kuingia mtamboni bila taarifa na kusoma daftari la matengenezo, na kikomo cha bei kiandikwe kabla ya soko kuanza. Na mfanyakazi atakayekataa kuzima mtambo mzima kwa hila asifukuzwe kazi.

Makatibu wa matawi, someni maneno haya mikutanoni, mtuletee majibu kwa maandishi. Hasa twataka kusikia kutoka kwa wa zamu za usiku.