Kifuko Katika Mshipa wa Kichwa cha Mzee: Kitibiwe au Kiachwe?



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo wanachama kadhaa wametuletea. Mzazi mzee amepigwa picha ya kichwa kwa sababu nyingine, pengine alianguka, na daktari asema ameona kifuko katika mshipa wa damu wa ubongo. Jamaa washtuka. Mmoja asema shamba liuzwe leo, mzee apasuliwe. Mwingine asema mzee amekwisha kula chumvi nyingi, aachwe. Sisi twasema wote wawili wamekwenda mbio.

Kwanza tujue ni kitu gani. Nyote mmeona tyubu ya baiskeli iliyochakaa: ukiijaza upepo, hufura mahali palipo dhaifu. Mshipa wa damu nao hufanya vivyo hivyo, na madaktari hukiita kifuko hicho anyurizimu. Si saratani, wala hakiambukizi. Kati ya watu wazima 100, kiasi cha 3 wanacho, na wengi wao huzikwa kwa sababu nyingine bila kujua habari yake. Ubaya wake ni kupasuka. Hapo damu humwagika kuzunguka ubongo, na wengi hufa au hubaki na kilema. Kilichopasuka ni kazi ya saa ile ile. Ambacho hakijapasuka chatupa nafasi ya kufikiri, nasi tusiitupe nafasi hiyo.

Njia za kutibu ni mbili kubwa. Ya kwanza ni kufungua fuvu na kukibana kifuko shingoni kwa kibanio kidogo cha chuma. Daktari Walter Dandy alifanya hivyo mwaka wa 1937 katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani. Ya pili haifungui kichwa: mrija mwembamba hupitishwa ndani ya mshipa, mara nyingi kutoka pajani, hata ukafika kichwani, na kifuko kikajazwa nyuzi laini za platinamu. Njia hii ilianza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka wa 1990, na kwa kawaida mwili wa mzee huivumilia zaidi. Lakini mrija nao waweza kuleta kiharusi, na picha za kuangalia tena hazikosi.

Sasa hesabu, maana sisi watu wa kazi hatukubali mkataba bila kuona hesabu. Mwaka wa 2012 madaktari wa Japani walitangaza habari za wagonjwa 5,720 waliofuatwa bila kutibiwa kwanza. Kati ya vifuko 1,000 vya milimita 3 au 4, vilivyopasuka kwa mwaka ni kama 4. Vya milimita 10 hadi 24 ni kama 44. Basi neno "kifuko" peke yake halitoshi. Lazima uulize milimita ngapi, na kiko mshipa gani, maana vya nyuma ya ubongo kwa jumla ni vya hatari zaidi.

Upande wa pili wa mizani ni kisu. Uchunguzi wa nchi nyingi uliotangazwa mwaka wa 1998 ulionyesha kwamba katika wagonjwa waliozidi miaka 64 waliopasuliwa, karibu theluthi walikuwa wamekufa au wamepungukiwa na nguvu za mwili au akili baada ya mwaka mmoja. Vyombo vya siku hizi ni bora kuliko vya wakati ule, lakini umri bado una uzito wake.

Tena umri wavuta kuwili. Kifuko cha mtu wa miaka 70 chaelekea kupasuka kidogo zaidi kuliko cha kijana, lakini miaka ya kukibeba ni michache. Mama wa miaka 82, mwenye kisukari na moyo mchovu, na kifuko cha milimita 4: sisi hatungeuza hata mbuzi. Mzee wa miaka 68 ambaye bado analima, na kifuko cha milimita 12: huyo apelekwe kwa daktari wa ubongo, na asinyimwe matibabu kwa sababu ya mvi.

Muulizeni daktari: hatari ya kukiacha ni kiasi gani, na ya kukitibu hapa, kwa mikono yenu, ni kiasi gani? Mmefanya wangapi? Na mzee mwenyewe aulizwe. Ni kichwa chake, si cha baraza la watoto.

Habari ya fedha: tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii. Wengi hudhani makato hayo yanamhesabu mzazi. Hayamhesabu; mzazi ajiandikishe mwenyewe, na mapema.

Kama yameamuliwa kukiacha, kuacha si kusahau. Presha ipimwe na dawa zimezwe kila siku, tumbaku iachwe kabisa, na picha irudiwe kama daktari alivyosema. Tena waambieni wote wa nyumbani: mzee akishikwa ghafula na maumivu ya kichwa makali ambayo hajapata kuyaona maishani, au shingo ikakakamaa, au akazimia, msingoje asubuhi. Tafuteni gari usiku ule ule.

Haya, Bwana Mwenyekiti, tuyasikie maswali.