Kuchagua Gari la Hadhi Lililotumika kwa Safari Ndefu za Biashara: Mafunzo kutoka Barabara za Eldoret

Utangulizi



Wengi wetu wafanyabiashara tulioketi hapa Eldoret, ofisi yetu ni barabara. Anayeuza pembejeo ana wateja Kitale na Moi's Bridge. Wakala wa bima hushuka Kapsabet hadi Kisumu. Mwenye kandarasi huitwa Nairobi asubuhi, na jioni anangojewa nyumbani Eldoret. Kutoka hapa hadi Nairobi ni takriban kilomita 310. Anayekwenda na kurudi mara moja kila wiki, kwa wiki 48, humaliza karibu kilomita 30,000 kabla hajahesabu safari za Bungoma, Malaba au Iten. Kwa watu kama sisi, kilomita 40,000 kwa mwaka ni jambo la kawaida.

Hoja yangu leo ni moja. Gari la mtu wa namna hii lichaguliwe kwa kuangalia gharama ya kila kilomita na historia inayoweza kuthibitishwa. Bei ya yadi na tarakimu ndogo kwenye dashibodi zije baadaye.

1. Kwa nini gari la hadhi

Wapo wanaosema gari la aina ya Toyota Crown, Toyota Camry au Mercedes-Benz E-Class ni la kujionyesha. Mimi nalitazama kama kifaa cha kazi. Mtu aliyekaa saa sita kwenye kiti kizuri, katika gari lisilopiga kelele, hufika mkutanoni akili ikiwa imetulia. Aliyekaa saa hizo hizo mgongo ukimuuma hufika amechoka, na uchovu huo ndio unaotuua usiku tukirudi. Gari zito lenye breki imara, mifuko ya hewa ya kutosha na mfumo wa kuzuia kuteleza ni ulinzi wa kweli kwa anayepita mteremko wa Sachangwan na Salgaa kila wiki katikati ya malori.

2. Mwinuko wetu na injini

Jambo hili muuzaji wa Mombasa au Nairobi hatakuambia, kwa sababu halimhusu. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na ukipita Timboroa kuelekea Nairobi unavuka mita 2,700. Hewa huku ni nyepesi. Injini isiyo na taabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Maana yake, hapa mjini imeshapoteza kama sehemu moja ya tano, na pale Timboroa zaidi ya robo.

Kwa hiyo injini ndogo ndani ya gari kubwa, ambayo huenda iliridhisha pwani, hapa italazimika kukanyagwa sana mlimani, nayo itakunywa mafuta zaidi ya ulivyotarajia. Injini yenye taabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, lakini taabo hutaka oili safi inayobadilishwa kwa wakati. Asiyejua kama mwenye gari wa kwanza alikuwa akibadilisha oili ananunua kwa kubahatisha.

Kuna pia mteremko. Kutoka Iten hadi chini Bonde la Kerio unashuka zaidi ya mita 1,000 kwa umbali mfupi. Usilijaribu gari kwa kuzunguka mji tu. Mwombe muuzaji mlipeleke mlimani, mpande na mshuke, kisha usikilize giaboksi na breki zinasema nini.

3. Hesabu ya kilomita

Tuchukue magari mawili. La kwanza huenda kilomita 10 kwa lita, la pili kilomita 16. Kwa kilomita 40,000 la kwanza litatumia lita 4,000 na la pili lita 2,500. Tofauti ni lita 1,500. Tukikadiria lita moja kwa shilingi 180, hizo ni shilingi 270,000 kwa mwaka mmoja. Katika miaka mitatu ni shilingi 810,000. Aliyepunguziwa laki tatu pale yadi akachukua gari la kwanza atakuwa amezirudisha zote kwenye kituo cha mafuta kabla ya mwaka wa pili kufika katikati.

Kwenye mafuta ongeza matairi, breki, sevisi, bima kubwa na siku ambazo gari halitatembea. Siku hizo ndizo ghali kuliko zote. Spea za Toyota na Subaru hupatikana hapa mjini na mafundi wanazijua. Kwa baadhi ya magari ya Ulaya, spea hungojewa kutoka Nairobi. Haimaanishi tusiyanunue. Maana yake ni kwamba, kabla ya kulipa, tumjue fundi wa hapa Eldoret mwenye mashine ya kusoma kompyuta za gari hilo.

4. Historia ni bora kuliko mita

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gari jeusi la kifahari. Mita ilisoma kilomita 71,000. Rangi ilimeta, ndani palinukia vizuri, nami sikuomba karatasi hata moja. Mwezi wa nne, nikipanda Timboroa, giaboksi ikaanza kushtuka kila ilipobadilisha gia. Fundi alipounganisha mashine yake, kompyuta ya giaboksi ilionyesha zaidi ya kilomita 190,000. Nililipia giaboksi nyingine, nikakaa siku tisa bila gari, na mteja wangu wa Kisumu akatafuta mtu mwingine. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Sikuwa nimeuliza gari lile liliundwaje upya.

Tangu hapo naamini kwamba gari la kilomita 130,000 zilizothibitishwa, nyingi zikiwa za barabara kuu, ni salama kuliko la kilomita 60,000 ambazo ni maneno matupu. Uthibitisho unapatikana. Gari linalotoka Japani kupitia mnada huwa na karatasi yenye daraja lake na kilomita zake. Alama ya R au RA humaanisha limewahi kukarabatiwa, kwa kawaida baada ya ajali. Kwa gari lililotumika humu nchini, dai risiti za sevisi, na utafute rekodi yake kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ujue mmiliki wake ni nani na kama benki bado imo kwenye logibuku. Kisha tazama pedali, usukani na kiti cha dereva. Pedali iliyolika hailingani na kilomita 50,000.

5. Petroli, haibridi au dizeli

Haibridi hung'aa zaidi mjini kwenye msongamano. Kwenye barabara kuu faida yake hupungua, ila haiishi, kwa sababu miteremko yetu huirudishia betri umeme. Betri ikijaa katikati ya mteremko mrefu, weka gia kwenye B ili injini isaidie breki. Kagua pia kichujio cha feni ya betri, ambacho katika magari mengi kiko karibu na kiti cha nyuma. Vumbi la barabara za mashambani hukiziba, na betri inayokosa hewa hufa mapema.

Dizeli inafaa kwa safari ndefu, na nguvu inazotoa hata injini ikizunguka polepole husaidia mlimani. Lakini mwaka 2015 dizeli yetu iliwekewa kikomo cha salfa cha sehemu 50 kwa milioni, ilhali injini mpya za Ulaya zimeundwa kwa sehemu 10. Kwa hiyo, kichujio cha masizi kikiwa kimeziba au kimeng'olewa, liache gari hilo.

Injini ya petroli ya kawaida ni rahisi kutengeneza. Kwa anayesafiri chini ya kilomita 20,000 kwa mwaka, mara nyingi inatosha.

6. Mapendekezo

Kwanza, andika kilomita zako za mwaka kabla ya kukanyaga yadi. Pili, ukiagiza kutoka nje, kumbuka Kenya haikubali gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na jumlisha ushuru wote kabla ya kuipenda picha. Tatu, mlipe fundi wako alikague. Ada yake ni ndogo mno mbele ya giaboksi moja. Nne, tenga akiba ya matengenezo ya miezi sita ya kwanza, usimalize fedha zote kwenye bei.

Hitimisho

Ndugu zangu, gari unaloendesha leo litakuwa gari la mtu mwingine kesho. Nawaomba kila mmoja wetu aweke daftari ndani ya gari: tarehe, kilomita, mafuta, oili, spea iliyobadilishwa. Litakusaidia wewe kujua gharama ya kila kilomita, na litamsaidia atakayenunua baada yako. Tunalalamika kwamba magari hayana historia. Historia hiyo huandikwa na madereva, na madereva ni sisi.