Uliza, Kisha Pima Tena



Nimeombwa nizungumzie afya ya moyo. Mimi si daktari, ni mhasibu. Kwa hiyo nitazungumzia namba, na nitawasimulia namba mbili za nyumbani kwetu.

Ya kwanza ni ya mama yangu. Alipimwa presha kwenye kituo kimoja kule Muleba, ikasoma 190/110. Akaambiwa ajiandae kwenda Mwanza. Hadi jioni kaka yangu alikuwa ameshatafuta mteja wa ng'ombe. Mnaijua hesabu ya rufaa: nauli ya watu wawili, malazi, chakula, vipimo. Hata kibanja kinaweza kwenda.

Nikampigia mama simu, nikamwuliza alipimwaje. Alikuwa amepanda kilima kwa miguu huku anatafuna kahawa, kama kawaida yake. Alipofika tu akapimwa juu ya sweta, mkono ukining'inia, tena kwa mkanda mdogo kuliko mkono wake. Mambo hayo yote yanaweza kuipotosha namba. Kesho yake akapelekwa hospitali. Akakaa kitini dakika tano kimya, mgongo umeegemea, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, mkanda unaomtosha. Ikasoma 138/84. Wakarudia siku nyingine mbili, haikufika 140/90. Daktari akamwagiza apunguze chumvi na aendelee kupimwa kila mwezi. Ng'ombe bado yupo.

Mnacheka. Namba ya pili ni yangu, na hiyo haichekeshi.

Hapa Dar es Salaam tulipimwa ofisini. Yangu ikasoma 162/98. Nilikuwa sina maumivu yoyote, na tulikuwa tunafunga hesabu za mwaka. Nikasema mashine mbovu. Sikurudia kupima kwa miaka miwili. Siku moja nikashindwa kumaliza ngazi, pumzi zimekata. Daktari akaniambia kuta za moyo wangu zimenenepa kwa kusukuma damu dhidi ya presha kubwa muda mrefu. Sasa nameza dawa kila siku, na nitaendelea kumeza.

Angalieni tofauti. Mama aliuliza, akapima tena. Mimi niliuliza tu, nikakimbia. Taarifa ya benki isipolingana na daftari, mhasibu hachani taarifa, wala hafuti daftari ili vilingane. Anatafuta tofauti imetoka wapi. Jibu la kipimo usilolitegemea nalo ni hivyo hivyo: usilimeze bila kuuliza, usilitupe bila kurudia.

Maswali yenyewe ni machache. Jina na umri kwenye karatasi ni vyangu? Kipimo kilichukuliwaje? Kama ni mafuta kwenye damu, nilikuwa nimekula? Baadhi ya mafuta hupanda baada ya mlo. Kama ni potasiamu, yale madini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa, damu iliharibika kwenye kichupa au ilichelewa kufika maabara? Chembe za damu zikipasuka, potasiamu husoma juu kuliko ilivyo mwilini. Mwisho: tunaweza kurudia? Hilo si kumdharau mtaalamu. Sema kwa adabu, "Daktari, naomba tupime tena." Daktari mzuri hakasiriki.

Lakini kuna siku ya kutouliza. Kifua kikibana, mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakigoma kutoka, nenda hospitali dakika hiyohiyo. Na dawa uliyoandikiwa usiiache kwa sababu umejisikia vizuri. Presha mara nyingi haiumi. Ndivyo ilivyonidanganya.

Kinga tunaijua. Ndizi na maharage vya nyumbani si adui. Adui ni chumvi tunayoongeza mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, tena ukihesabu na ile iliyopikiwa. Tupunguze rubisi na bia, tuache sigara, na sisi wa mjini tutembee. Mama zetu wanapanda vilima. Sisi tunapanda bodaboda hadi dukani.

Tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete hapa Muhimbili tangu 2015, na Bugando ipo Mwanza. Ni za kujivunia. Lakini safari ya kwenda huko inaanzia zahanati ya kijijini, kwa namba ya kwanza. Namba hiyo ikikosewa, mmoja anauza ng'ombe bure na mwingine anarudi nyumbani na ugonjwa akidhani ni mzima.

Ndiyo maana naunga mkono pendekezo kwamba sehemu ya mchango wa mwaka huu inunue mashine za presha kwa zahanati zetu za Bukoba na Muleba, zenye mikanda ya saizi tatu, pamoja na fedha ya kuzihakiki kila mwaka. Mashine isiyohakikiwa ni kama mizani ya mlanguzi wa kahawa.

Desemba tunarudi nyumbani. Pamoja na sukari na kitenge, mpelekeni mzee akapimwe. Mketisheni kwanza, apumzike. Na wewe uliyempeleka, kunja mkono wa shati, nawe upimwe.