Kabla ya Kisu: Utayari wa Nafsi kwa Anayefikiria Kuongeza Matiti

Mada iliyowasilishwa kwa wakazi wa Bunju, Dar es Salaam



Hapa Bunju karibu kila mtu anajua namna ya kununua kiwanja. Mnunuzi makini hatoi fedha kwa maneno ya dalali peke yake. Hufika ofisi ya mtaa, huwauliza majirani, hukagua mipaka, kisha hurudi tena wakati wa masika aone maji yanapita wapi. Leo nawaomba muuelekeze uangalifu huohuo kwenye mwili, ambao ni wa karibu kuliko ardhi. Nitazungumzia upasuaji wa kuongeza matiti, na hasa utayari wa nafsi ya yule anayeufikiria.

Huduma hii si habari ya ng'ambo tena. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilitangaza kuanza kutoa upasuaji wa kurekebisha maumbile, ukiwemo wa matiti. Sikuja kumcheka wala kumhukumu mtu. Yupo aliyepoteza titi kwa saratani. Yupo ambaye matiti yake hayalingani tangu alipovunja ungo. Yupo pia anayetaka kupendeza tu. Wote hao ni watumiaji wa huduma, na wote wana haki ya kuelezwa ukweli kabla ya kutia saini.

Tuanze na kinachonunuliwa. Kipandikizi cha matiti, ambacho si kile cha uzazi wa mpango kinachowekwa mkononi, ni mfuko wa silikoni uliojazwa jeli ya silikoni au maji ya chumvi. Hakikusudiwi kukaa mwilini maisha yote. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeeleza kwamba hadi mwanamke 1 kati ya 5 waliowekewa ili kuongeza ukubwa huhitaji kuviondoa ndani ya miaka 8 hadi 10. Kovu linaweza kukaza na kuliumiza titi, mfuko unaweza kupasuka, chuchu inaweza kufa ganzi, na kunyonyesha kunaweza kuathirika. Kwa hiyo anayelipia upasuaji mmoja ajue kwamba huenda anaanza safari ya upasuaji zaidi ya mmoja.

Sasa tuingie kwenye nafsi. Mwanamke wa kwanza kuwekewa vipandikizi vya jeli ya silikoni alikuwa Timmie Jean Lindsey, huko Houston, Marekani, mwaka 1962. Mama huyo alikwenda hospitali kufutwa chale za wino alizochorwa kifuani. Madaktari ndio waliompendekezea vipandikizi. Yeye alichokuwa akikitamani zaidi ni kurekebishwa masikio yake, na akaahidiwa kwamba hayo nayo yangeshughulikiwa. Basi akakubali. Nawaachia swali moja kutoka kisa hicho: wazo lilikuwa la nani?

Swali hilo ndilo kiini cha mada hii. Chukueni mfano wa dada aliyekwisha kuwanyonyesha watoto wawili. Mumewe amemtupia neno la kejeli, naye anataka kuvunja hisa zake za kikoba ili akafanyiwe upasuaji. Kisu kinaweza kubadili titi. Hakiwezi kuubadili ulimi wa mume. Endapo ndoa ina ufa, ufa utamngoja nyumbani arudipo na kidonda, na akiba itakuwa imekwisha. Dada huyo akiamua kwa hiari yake, baada ya kupima vema, hilo ni lingine. Lakini kwanza ajue anamlipia nani.

Kwa hiyo kila anayefikiria upasuaji huu ajiulize kwa faragha. Je, ningeutaka hata kama hakuna mtu ambaye angeuona? Nimekuwa nao wazo hili kwa miaka, au lilinijia wiki iliyopita nilipotazama picha kwenye simu? Natarajia mabadiliko ya umbo, au natarajia kupendwa, kuolewa, kuheshimiwa kazini? Nikipata kovu au matiti yasiyolingana, nitaweza kuishi nayo?

Zipo nyakati ambazo jibu sahihi ni kungoja: msiba ukiwa mbichi, talaka ikiwa ya jana, au baada ya kujifungua, mwili ukiwa bado unarejea. Aidha, wapo watu ambao huteswa kutwa na kasoro ambayo wengine hawaioni kabisa. Hayo ni maradhi ya akili yanayojulikana, na upasuaji mara nyingi hauyatulizi. Mtu wa namna hiyo, na yeyote mwenye huzuni isiyokoma au mawazo ya kujidhuru, aanze kwa mtaalamu wa afya ya akili. Daktari mpasuaji akikuuliza habari za moyo wako, usikasirike. Anakulinda. Na binti mdogo asiharakishwe: Marekani, vipandikizi vya jeli kwa ajili ya kuongeza ukubwa vimeidhinishwa kwa wenye umri wa miaka 22 na kuendelea.

Ukishajiridhisha nafsini, timiza wajibu wa mnunuzi. Hakikisha daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Uliza jina la kipandikizi na namba yake, na udai karatasi yenye taarifa hizo uitunze. Mwaka 2010 ilibainika kwamba kampuni ya PIP ya Ufaransa ilitumia silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kwa tiba. Wanawake wengi duniani walilazimika kutafuta kujua wamebeba nini vifuani. Uliza pia gharama za uchunguzi wa baadaye na za kuviondoa, si za kuviweka tu. Jihadhari na krimu na vidonge vinavyonadiwa mitandaoni kuwa vinakuza matiti. Ukitilia shaka dawa au kifaa tiba, toa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Matangazo yanayopotosha yamekatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na mlango wa Tume ya Ushindani uko wazi kwa malalamiko.

Mwisho, usilipe siku ya kwanza. Nenda nyumbani, lala, zungumza na mtu mmoja unayemwamini ambaye hana faida yoyote katika uamuzi wako. Daktari mwema hatakuhimiza uharakishe. Anayekwambia punguzo linaisha leo, mwache na punguzo lake. Kiwanja kibaya huweza kuuzwa tena. Mwili utabaki nao.