Ruanda si pa kumpeleka kila mtu: niliyosema Mwanjelwa

(Nilizungumza haya kwenye kikao cha vijana. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)



Leo sina habari ya uchaguzi. Nataka tuongelee Ruanda. Gereza letu hapa Mbeya, sio ile nchi ya jirani.

Februari 2018 Sugu, mbunge wetu wa wakati huo, na Masonga walifungwa miezi mitano kwa maneno ya jukwaani. Nchi nzima ilijua. Mdogo wangu, muuza mitumba hapa hapa, alipofungwa, nani alijua? Alimsukuma mgambo. Faini au miezi sita. Hela hatukuwa nayo. Mama akauza mahindi ya mbegu, tukamtoa baada ya wiki tatu. Kurudi sokoni, nafasi yake ina mtu mwingine.

Kinachoniuma, sheria ya kumwacha nje ipo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ni ya mwaka 2002. Kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, hakimu anaweza kuagiza mkosaji afanye kazi za jamii bila malipo, akikubali mwenyewe, huku analala kwake. Mdogo wangu hakuulizwa. Nilikuwepo. Afisa probesheni sikumwona.

Tatizo liko kwenye hilo neno "anaweza". Tunataka sheria iseme hivi: hakimu akiamua kumfunga mtu kwa kosa dogo, aandike kwa nini kifungo cha nje hakikufaa. Akiandika, kuna pa kushika wakati wa rufaa. Na afisa probesheni apewe usafiri na wasaidizi kwenye kata, maana huwezi kumsimamia mtu ukiwa umekaa mezani.

Dada mmoja pale nyuma kaniuliza, "Na kibaka aliyeninyang'anya simu, naye afagie tu soko?" Hapana, dada. Unyang'anyi hauingii humu kabisa. Na hata kwenye makosa madogo, asiyefika kazini arudishwe mahakamani. Bila hivyo hata mimi nisingekubali.

Sasa kazi. Mahakama ni ya wazi, mtu yeyote anaingia. Kila kata itoe vijana wawili, wakae kimya, waandike: kosa gani, faini kiasi gani, aliulizwa au hakuulizwa. Majina ya watu msiandike. Tukienda kwa wabunge wetu twende na daftari, sio kelele.

Madaftari nimeshanunua, yako hapa mezani. Tunaanza Jumatatu.