Maji Yako Tayari Bafuni



Kuna maneno ambayo kila mpenzi wa filamu zetu ameyasikia: "Mume wangu, maji yako tayari bafuni." Mke anayasema amejifunga khanga safi, nywele zimesukwa vizuri. Mume anaoga, anakula, kisa kinaendelea. Mimi leo nataka tusimame hapo. Maji hayo yamechotwa na nani? Yamechemshwa kwa moto gani, na moto huo uliwashwa saa ngapi?

Hapa kwetu, bonde la Kilombero, maswali hayo si madogo. Mitambo ya Kidatu ina megawati 204 na inachangia umeme unaowasha runinga nchi nzima, lakini majiko mengi ya hapahapa yanawaka kwa kuni na mkaa. Hadi mwaka 2011 akina mama wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Milima ya Udzungwa waliruhusiwa kuingia siku moja kwa wiki kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ikasitishwa, kwa sababu za uhifadhi, lakini sufuria ziliendelea kuhitaji moto. Mume wa zamu ya alfajiri kiwandani huondoka amekwisha kunywa chai. Aliyeichemsha ameamka kabla yake, na hakuna anayemwandika mahudhurio.

Filamu zetu hukata picha mahali hapohapo. Tunamwona mke anaingia jikoni, na picha inayofuata hotipoti limeshakaa mezani. Kazi ya mume haikatwi hivyo: dereva tunamwona kwenye usukani, mfanyabiashara akihesabu noti, bosi akisaini makaratasi. Ya mke huonekana siku isipofanyika. Mboga imeungua, mama mkwe amekuta vyombo vichafu, na hapo ndipo kamera inaposogea karibu. Kazi imegeuzwa kipimo cha tabia. Aliyepika ni mke mwema, asiyepika ameharibiwa na marafiki, na hakuna anayeuliza kama amechoka. Yule mwema katika sehemu ya kwanza huvumilia matusi na hawara, ili katika sehemu ya pili mume afilisike, arudi, apige magoti. Kuombwa msamaha ndiyo malipo yake yote. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa mabinti zetu wanazitazama filamu hizi, na wavulana wetu pia, kwenye vibanda umiza na kwenye simu, wakijifunza ndoa ilivyo.

Fikiria msimu wa mpunga. Familia nyingi za bonde hili huhamia shambani, mbali na kijiji, na kuishi huko miezi kadhaa. Mpunga ukishatoa masuke, kazi ni kuamia ndege kuanzia kunapopambazuka hadi giza liingie. Mama yuko juu ya dungu, anapiga kelele, anavuta kamba zilizofungwa makopo, mtoto mgongoni, na chini kuna chungu cha mchana kinachomsubiri. Kisha kuvuna, kupura, kupepeta. Magunia yakifika mashineni, anayepokea hela ya mnunuzi mara nyingi si yeye. Ndani ya msimu huo kuna mapenzi, kuna hofu ya mafuriko, kuna ugomvi wa pesa na kuna siri. Tamthilia inahitaji nini zaidi? Sijaona filamu iliyokaa juu ya dungu hata kwa dakika tano.

Wapo waliosogea karibu. Fatuma, filamu ya 2018 iliyoongozwa na Jordan Riber, inamfuata mwanamke mkulima na binti yake, na suala la nani mwenye kauli juu ya mavuno limewekwa katikati ya kisa. Na mbali huko, mwaka 1975, mwaka uleule mitambo ya kwanza ya Kidatu ilipoanza kuzalisha umeme, Mbelgiji Chantal Akerman alitoa filamu ya dakika 201 kuhusu mama mjane wa Brussels, Jeanne Dielman. Anamenya viazi, anatandika kitanda, anaosha vyombo, na kamera haiondoki. Siku viazi vinapoharibika jikoni, mtazamaji anashtuka, kwa sababu ameshaijua kazi ile kama Jeanne mwenyewe anavyoijua. Mwaka 2022 wachambuzi waliopigishwa kura na jarida la Sight and Sound waliiweka juu ya filamu zote duniani. Siombi filamu za saa tatu. Naomba dakika mbili za mke akifanya kazi, bila muziki wa huzuni na bila mama mkwe mlangoni.

Na mtu asiniambie kuwa hii ni hoja ya kigeni. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, kwa kauli ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa hukumu katika rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Walikuwa wameachana, na Bi Hawa alidai sehemu ya mali. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inazungumzia mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Je, kupika, kufua na kutunza nyumba ni juhudi? Mahakama ikajibu kuwa ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali. Bi Hawa mwenyewe hata hivyo hakuambulia kitu: mume alikuwa amempa fedha za mradi, hazikutumika ilivyokusudiwa, na mahakama ikaona fungu lake limeishia hapo. Alishindwa rufaa, lakini wanawake waliokuja nyuma yake wamesimama mahakamani kwa nguvu ya hukumu hiyo.

Kisa hicho kina mke asiye malaika, mume asiye shetani, na kazi ya miaka mingi iliyopimwa mbele ya majaji. Waandishi wetu wa filamu, nani ataanza kukiandika?