Neno lenye halina kundi: namna tunavyofungua fumbo la maneno kila asubuhi

Maneno ya animateri wa duara la kusoma, kwenye mukutano wa wanachama, Bweremana



Komite imeniomba nieleze ile karatoni inayotundikwa kila asubuhi karibu na mulango wa depo yetu. Wamoja wanasema ni muchezo wa watoto. Wengine wanauliza kwa nini inakusanya watu wengi kuliko tangazo la mbegu. Nitaeleza muchezo wenyewe, nitaonyesha namna ya kuufungua, halafu nitaomba kitu kimoja.

Muchezo huu haukuzaliwa hapa. Gazeti la Marekani, The New York Times, lilianza kuutoa mwezi wa sita 2023 kwa jina la Connections, na mutu anayeupanga anaitwa Wyna Liu. Kabla yao, televisheni ya BBC kule Uingereza ilikuwa na muchezo wa ndugu yake, Only Connect, tangu 2008. Kila siku unapewa maneno 16. Ndani yake kuko makundi manne yaliyofichwa, kila kundi maneno manne. Unayatafuta, na ukikosea mara nne, muchezo umeisha.

Vijana wetu waliuona kwenye telefone. Lakini telefone inaomba rezo, inite na moto wa kuchaji, na muchezo wenyewe uko kwa Kingereza. Basi tukachukua kanuni, tukaacha telefone. Tunapasua karatoni ya sabuni, tunaandika maneno 16 kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili. Kila timu inapewa punje nne za maharage. Ukikosea, unarudisha punje moja. Ukibaki bila punje, unangoja kesho.

Na tusiseme ni kitu kigeni kabisa. Wazee wetu walituuliza jioni: "Kitendawili!" Tukajibu: "Tega!" Wale wa Kinyarwanda walisikia "Sakwe sakwe!" wakajibu "Soma!" Kule ulitafuta kitu kimoja kilichofichwa. Hapa maneno yote yako wazi mbele ya macho. Kilichofichwa ni sababu ya kuyaweka pamoja.

Sasa tufungue moja. Hii ilikuwa ukutani juma lililopita, na wengi wenu munaikumbuka:

LIMA, PAA, NYOTA, MEZA
UKUTA, PANDA, RADI, VUNA
JUA, CHUMBA, FYEKA, MWEZI
NGUZO, PALILIA, WINGU, DIRISHA

Timu ya kwanza ilifika mbio. Wakaona kazi za shamba: lima, panda, palilia, vuna. Punje moja ikaenda. Wakaona nyumba: paa, ukuta, dirisha, nguzo. Punje ya pili. Wakaona mbingu: jua, mwezi, nyota, wingu. Punje ya tatu. Wakakasirika, wakasema animateri amewategea. Kweli nilitega. Fumbo lisilo na mutego ni orodha ya sokoni tu.

Timu ya pili ilikuwa na muzee mumoja, wamama wawili na kijana wa sekondari. Wao walifanya mambo manne, na hayo manne ndiyo dawa ya fumbo lolote la namna hii.

La kwanza: walisoma yote 16 kwa sauti bila kugusa kitu. Masikio yanasikia kitu ambacho macho yanaruka.

La pili: walihesabu. Kazi za shamba si nne, ziko tano: lima, fyeka, panda, palilia, vuna. Za nyumba ziko tano: paa, ukuta, chumba, nguzo, dirisha. Za mbinguni ziko tano: jua, mwezi, nyota, wingu, radi. Tano mara tatu ni 15. Ukipata kundi lenye maneno matano, usifurahi bado. Neno moja ndani yake ni mugeni, na hujajua ni gani.

La tatu: waliuliza ni neno gani limebaki peke yake. Ni MEZA. Haiko ya shamba, haiko ya mbinguni. Kijana akasema tuiweke kwenye nyumba, kwa sababu meza inakaa ndani ya nyumba. Mama mumoja akakataa: "Nyumba iko na tano tayari, utaongeza ya sita?" Pale ndipo fumbo lilianza kufunguka. Neno lenye halina kundi ndilo linashika ufunguo, kwa sababu lile kundi la ine lazima lijengwe kuanzia kwake.

La ine: waliuliza neno hilo lina maana gani ingine. Muzee akasema, "Mimi ninameza dawa kila usiku." Kumbe meza ni kitu cha kulia chakula, na meza ni tendo la koo. Basi wakatafuta wengine wa namna ile: neno moja ambalo ni kitu na pia ni tendo. Jua liko juu yetu, na mimi ninajua. Paa liko juu ya nyumba, na ndege anapaa. Panda? Kijana akasema hiyo ni tendo tu. Muzee akacheka: "Na njia panda je? Panda ni pahali muti unagawanyika mara mbili." Kwisha. Meza, jua, paa, panda. Yale makundi matatu yaliyobaki yakapata manne manne, na hawakurudisha hata punje moja.

Munaona kwamba karatoni ile haikufunguliwa na yule aliyesoma sana. Kijana alikuwa na diplome mbele yake, lakini neno la njia panda lilikuwa kwa muzee. Mama aliyekataa meza ya sita anasoma polepole, kidole chini ya neno, lakini anajua kuhesabu na kukataa. Kwa duara la kusoma hii ni faida kubwa. Mutu muzima anaona haya kukaa mbele ya kitabu cha mwaka wa kwanza. Mbele ya karatoni haoni haya, kwa sababu kila mutu amesimama anakuna kichwa. Maneno ni 16 tu, ni makubwa, na unayasoma tena na tena bila kuchoka. Na kwa kuwa tunaandika yote kwa herufi kubwa, hata GOMA inaweza kuwa mutego: unatafuta Sake na Minova uziweke pamoja nayo, kumbe inakaa na KATAA, KANA na PINGA.

Sheria moja tuliiongeza wenyewe: kabla ya kuweka kundi, timu inataja jina lake kwa sauti. "Haya ni mambo ya mbinguni." "Haya ni kazi za shamba." Ukishindwa kutaja jina, kundi haulijui, unabahatisha. Sheria hii ndogo imeokoa punje nyingi.

Sasa nifike kwenye ombi langu.

Munajua mwaka tuliopitia. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 vita ilifika Goma, na mwezi wa pili kambi za pale kandokando, Bulengo, Lushagala na zingine, zikavunjwa. Wengi wetu tulirudi kwa njia ya Sake, tukapita Shasha, godoro kichwani, watoto mukononi. Si wote waliofika kwao. Wengine mlima wao haukuwa na usalama, wakasimama hapa.

Mama mumoja, sitamutaja, ni kati ya hao. Kijiji chake kiko juu huko Masisi. Hapa Bweremana amekuja kwa dada yake. Siku shirika moja lilipokuja kuandika watu, kulikuwa na meza tatu. Kwenye meza ya waliorudi walimwambia: wewe si wa hapa, haukurudi. Kwenye meza ya wahamaji: kambi yako imefungwa, basi wewe si muhamaji tena. Kwenye meza ya familia zinazopokea wageni: nyumba si yako. Alitoka pale na karte yake mukononi, jina lake halikuandikwa popote. Na yeye si peke yake. Kila mumoja wetu anaweza kutaja wawili au watatu.

Juma lijalo komite yetu itafunga orodha yake ya mbegu za maharage. Ninajua watu si maneno ya karatoni. Karatoni imepangwa na mutu ili yote 16 yapate nafasi. Mbegu hazikupangwa hivyo, na zinaweza kupunguka. Lakini kazi ya kuangalia ni ileile. Kwa hiyo ninaomba mukutano huu ukubali mambo matatu.

Kwanza, majina yote yasomwe kwa sauti mbele ya wanachama, kabla ya mutu kuyagawa. Pili, kuwe na karatasi ya ine, ya wale wenye hawana kundi, na kazi ianzie kwenye karatasi hiyo, isiishie hapo. Tatu, kila kundi komite inalotumia litajwe jina lake wazi: nani anaitwa aliyerudi, nani anaitwa muhamaji, na kwa sababu gani. Kama hatuwezi kusema sababu, tusimuondoe mutu kwa sababu hiyo.

Na ninyi marafiki munaotutumia fomu kutoka mbali: mutuachie kolone moja tupu kwenye fomu hiyo. Haina bei. Sisi tutajua ni akina nani wa kuandika pale.

Karatoni ya kesho iko tayari. Ninaomba pia wamama na wazee mutuletee maneno yenye maana mbili, ya shamba, ya ziwa, ya jikoni. Yangu yanaanza kuisha. Maharage ya kuchezea yarudi kwenye sahani, tafadhali, kwa sababu juma lililopita punje sita zilipikwa.